Askari Wawili Usiku Mmoja: Ulinzi na Upungufu wa Watu katika Magereza ya Wazi

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2011, gereza la Ford, kusini mwa Uingereza, lilikuwa na wafungwa 496. Waliokuwa zamu usiku ule walikuwa watu sita: askari magereza wawili na wasaidizi wanne. Naomba mzishike namba hizo, maana tutazirudia.

Waheshimiwa wakuu wa magereza, maafisa na askari wa vyeo vyote, wanafunzi wa sheria na wa ustawi wa jamii, mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kuja. Mada yetu ni ulinzi wa gereza lisilo na ukuta, na watu wanaohitajika ili ulinzi huo uwepo. Nimechagua kukaa zaidi Uingereza, kwa sababu nchi hiyo imeendesha magereza ya aina hii kwa karibu miaka 90, na makosa yake yako wazi kwa yeyote anayetaka kujifunza.

Turudi Ford. Pale palikuwa kituo cha ndege cha jeshi la majini, pakageuzwa gereza la wazi mwaka 1960. Mkesha ule wa mwaka mpya, chupa za pombe zilikutwa ndani. Askari wakaamua kuwapima kwa kipima pombe wale waliowashuku. Baadhi wakagoma, maneno yakawa makali, na askari wakalazimika kurudi nyuma. Wafungwa wapatao 40, wengine wamefunika nyuso, wakaanza kuvunja na kuchoma. Chumba cha mazoezi, chumba cha barua na vyumba vya michezo ya meza viliteketea. Ilibidi vikosi maalumu vya kuzima ghasia viitwe kutoka magereza mengine, na siku kuu ya mwaka mpya ikaliwa na kazi ya kurudisha utulivu.

Watu wengi waliposikia habari ile walisema: mnaona sasa, mfungwa akiachwa bila ukuta hufanya hivi. Mimi nasema waitazame hesabu tena. Wafungwa zaidi ya 450 hawakushika hata jiwe. Kilichoshindwa usiku ule ni ratiba ya zamu, na ratiba ile iliandikwa na watu waliokuwa wamelala majumbani kwao.

Kwanza tuelewane gereza la wazi ni nini, kwa sababu huku kwetu jambo hili linachanganya. Tumezoea kuona wafungwa shambani, wamevaa sare, wanalima au wanakata nyasi, na askari amesimama pembeni na bunduki. Hilo siyo gereza la wazi. Hilo ni gereza lililofungwa ambalo limetoka nje kwa saa chache, na ukuta wake umebebwa begani mwa askari. Mkutano wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Geneva mwaka 1955 ulieleza gereza la wazi kwa mambo mawili: hakuna vizuizi vya kuzuia kutoroka, yaani kuta, kufuli, nondo au walinzi wenye silaha, na nidhamu inasimama juu ya mfungwa kujiongoza mwenyewe na kuwajibika kwa wenzake. Kanuni za Mandela, zilizopitishwa mwaka 2015, zinarudia wazo hilo katika kanuni ya 89, kisha zinaongeza maneno mawili ambayo watawala hupenda kuyaruka: wafungwa wawe wamechaguliwa kwa uangalifu, na idadi yao iwe ndogo kadiri inavyowezekana. Kanuni hiyohiyo inataja kwamba katika baadhi ya nchi hata gereza lililofungwa halitakiwi kuzidi watu 500. Ford, gereza la wazi, lilikuwa na 496.

Waingereza hawakuanza hivyo. Mwaka 1930 kikundi cha vijana wafungwa kilitembea kwa miguu kutoka Feltham, karibu na London, hadi Lowdham katika jimbo la Nottinghamshire. Walilala njiani, na walipofika wakakaa kwenye mahema huku wakijenga gereza lao wenyewe. Askari wao walitembea nao na kulala kambini nao. Mwaka 1935 wengine wakatembea kutoka Stafford hadi pwani ya Lincolnshire, wakaanzisha kambi ya North Sea Camp na kujenga matuta ya kuzuia bahari ili kupata ardhi ya kilimo. Mwaka 1936 ikafunguliwa kambi ya New Hall, karibu na Wakefield, ya wafungwa watu wazima. Mtu aliyesukuma fikra hizi ndani ya serikali, Alexander Paterson, alishikilia kwamba huwezi kumfundisha mtu uhuru ukiwa umemfungia. Lakini angalieni jinsi walivyofanya: kila mahali palipoondolewa ukuta, pakawekwa watu. Askari alikuwa akijua kijana fulani ana mama mgonjwa, fulani hasomi, fulani ana hasira za haraka akinyimwa barua.

Hicho ndicho kiini cha ulinzi wa gereza la wazi. Mfungwa anazuiwa na mambo matatu: anajua anachopoteza akiondoka, anaona njia ya kufika nyumbani kihalali, na kuna askari anayemjua kwa jina atakayegundua kwamba leo hayuko sawa. La kwanza na la pili hutoka kwenye sheria na mipango. La tatu linatoka kwa mtu aliye zamu, na ukipunguza watu ndilo la kwanza kufa, wala hakuna kengele itakayolia kukujulisha.

Tuangalie sasa kwa nini watu huondoka. Kwanza tutenganishe maneno. Kuvunja gereza ni kupita kizuizi: kukata nondo, kuruka ukuta, kumzidi nguvu askari. Kutoroka gereza la wazi ni kutembea tu na kutorudi. Waingereza huhesabu mambo haya mawili mbalimbali, na wanafanya vyema. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 waliotoroka magereza ya wazi ya Uingereza na Wales walikuwa zaidi ya 1,000 kwa mwaka. Miaka kumi baadaye walikuwa wamebaki 200 na ushei. Kushuka huko hakukuletwa na nyaya za miiba. Kulitokana zaidi na uchaguzi bora wa wanaopelekwa huko.

Anayetoroka mara nyingi hukimbia kitu kilicho ndani. Ana deni la tumbaku au la dawa za kulevya kwa mfungwa mwenzake, na anayemdai anajua chumba chake. Simu ya nyumbani imeleta habari mbaya. Ombi lake la ruhusa ya kwenda nyumbani limekaa wiki sita mezani bila jibu. Au amepimwa, mkojo umeonyesha dawa, na anajua kesho atarudishwa kwenye gereza la kuta. Basi anaona bora aondoke leo usiku. Wiki za mwanzo baada ya kuhamishwa ndizo za hatari zaidi. Mtu aliyeishi miaka minane akifunguliwa kila mlango na mwingine, ghafla anapewa ufunguo wa chumba chake mwenyewe. Wengine hawalali.

Sasa mtaona kwamba kila sababu niliyoitaja inaweza kuonekana mapema na askari mwenye muda. Deni huonekana kwa mtu anayeacha kwenda kula, au anayeomba kuhamishwa bweni bila kueleza sababu. Habari mbaya huonekana kwa anayetoka kwenye kibanda cha simu ameinamisha kichwa. Askari mmoja mwenye wafungwa 20 au 25 anaowafuatilia anaweza kuyaona haya. Akiwa na 80 atajua majina ya watukutu na ya wanaolalamika sana tu. Mtu mnyamaza, ambaye mara nyingi ndiye anayeondoka, hatamjua.

Jambo la pili la ulinzi linashangaza wageni wa kazi hii. Katika gereza la wazi, hatari kubwa ya kila siku ni ya vitu vinavyoingia, kuliko watu wanaotoka. Uzio wa wanakondoo unamzuia kondoo. Haumzuii mtu aliye nje mwenye begi. Mtu husimamisha gari barabarani usiku, hutupa mfuko wenye pombe, simu na dawa, na mfungwa hutoka bwenini dakika kumi baadaye kuuchukua. Wengine hutoka kabisa, huenda dukani, hurudi kabla ya hesabu ya asubuhi. Huyo kwenye takwimu za kutoroka hayumo, kwa sababu wakati wa hesabu alikuwepo. Mkuu wa gereza anayejisifu kwamba mwaka huu hakutorokwa na mtu, na hajui chupa ngapi zimeingia, bado hajui hali ya gereza lake.

Hesabu ya wafungwa ndiyo kazi ya kwanza inayoharibika. Taratibu zinataka hesabu kadhaa kwa siku, pamoja na za usiku, na kila hesabu ifanywe kwa kuona uso. Askari aende kitandani, aone ngozi na pumzi, alinganishe na picha, aweke alama. Bweni lenye vyumba 30 likihesabiwa hivyo linachukua dakika 15 hadi 20. Wafungwa 496 kwa askari wawili, tena wakitembea kati ya majengo yaliyotawanyika kama ya kambi ya jeshi, maana yake ni zaidi ya saa mbili kwa hesabu moja tu, bila kusimama kwa jambo lingine lolote. Kwa hiyo kinachotokea kila mahali penye upungufu ni kilekile: hesabu inafanywa kwa tochi dirishani, blanketi lililovimba linahesabiwa kuwa mtu, na kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi hakuna anayepita. Wafungwa huijua ratiba hiyo ndani ya wiki moja. Dawa yake ni rahisi na haina gharama kubwa: hesabu moja ya usiku isiwe na saa maalumu, na ifanyike bweni kwa bweni bila mpangilio. Lakini hata hiyo inahitaji miguu ya kutembea.

Upimaji nao una mahesabu yake. Uingereza, gereza lenye wafungwa 400 au zaidi hutakiwa kupima mkojo wa asilimia 5 ya wafungwa kila mwezi, waliochaguliwa kwa bahati nasibu. Lenye pungufu ya hapo, asilimia 10. Kwa Ford hiyo ni kama watu 25. Inaonekana kidogo. Ila mfungwa akishindwa kukojoa anaweza kushikiliwa hadi masaa matano akisubiriwa, na muda wote huo kuna askari amekaa naye. Sampuli lazima ifungwe mbele yake, iwekwe alama, isainiwe, isiguswe na mtu asiyeandikwa. Kituo kikikosa askari wawili asubuhi, upimaji ndio wa kwanza kufutwa, kwa kuwa hakuna anayelalamika ukifutwa.

Na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo Ford ilipoungulia. Kumpima mtu ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua utamfanya nini akikutwa na pombe. Magereza ya wazi yana vyumba vichache sana vya kumtenga mtu. Kumrudisha kwenye gereza la kuta kunahitaji gari, nafasi huko anakokwenda, na askari wa kumsindikiza. Ukiwa na askari wawili kwa watu 496, ukamtoa mmoja asindikize, umebaki na mmoja. Ukipima watu kumi, sita kati yao wakakutwa wamelewa, huna pa kuwaweka hata wawili, na wao wanalijua hilo kuliko wewe. Aliyelewa na amejua kesho anarudishwa nyuma ya ukuta, hana tena cha kupoteza usiku huo. Kile kitu cha kwanza kilichokuwa kikimzuia kimekwisha. Kwa hiyo mkuu wa zamu mwenye watu wachache akikuta chupa saa sita usiku, achukue chupa, aandike majina, aite nguvu kutoka gereza la jirani, na upimaji ufanyike watu wakishafika. Mtu anaweza kusema huo ni woga. Mimi naona ni kujua hesabu yako.

Wale wasaidizi wanne wa Ford nao tusiwahesabu vibaya. Kazi ya msaidizi ni lango, redio, kamera, funguo na doria. Ni kazi muhimu. Lakini hakupewa mafunzo ya kumshika mfungwa aliyekataa amri, wala mamlaka yake hayalingani na ya askari. Serikali nyingi hujumlisha wote na kusema "watumishi sita". Ukijumlisha hivyo unapata mtumishi mmoja kwa wafungwa 83. Ukihesabu askari tu, ni mmoja kwa 248.

Linganisheni na gereza la wazi la kisiwa cha Bastøy nchini Norway. Wafungwa ni wapatao 115, watumishi wote karibu 70, na wanaobaki kisiwani usiku ni kama watano. Watu husikia hao watano wakastaajabu, wakasema basi usiku hauhitaji askari. Gawanyeni: ni mmoja kwa 23. Na hao watano wanarithi usiku kutoka kwa wenzao wengi wa mchana, ambao wameshinda na wafungwa kwenye zizi, bustani na karakana, na wameshaandika nani leo ana huzuni. Askari wa usiku mwenye taarifa hiyo anajua aanzie chumba gani.

Mara nyingi mhasibu wa wizara huuliza: nafasi moja ya zamu inahitaji watu wangapi? Jibu lipo kwenye kalenda. Wiki ina masaa 168. Askari akifanya kazi masaa 37 kwa wiki, unahitaji watu 4.5 kuijaza nafasi moja usiku na mchana. Toa likizo, ugonjwa, mafunzo, siku za kwenda mahakamani kutoa ushahidi. Tuseme mmoja kati ya watano hayupo kwa siku yoyote. Unafika karibu 5.7. Kwa hiyo ukitaka kuongeza askari wawili tu katika zamu zote, ajiri 11 au 12. Wizara inayoajiri wanne na kutangaza kwamba imeongeza nafasi mbili haijaongeza kitu. Imeongeza saa za ziada kwa wale waliopo, na wale waliopo wataanza kuugua au kuacha kazi.

Uingereza ilipitia hayo. Kati ya 2010 na 2014 askari wa magereza walipungua kwa zaidi ya robo, na sehemu ya walioondoka walilipwa kiinua mgongo ili waondoke. Walioondoka hivyo ni wazee wa kazi. Mwaka 2016 serikali ikaahidi kuajiri wapya 2,500. Namba inaweza kurudi, lakini askari mpya wa wiki kumi za mafunzo hawezi kukaa mahali pa yule aliyekaa miaka 20. Katika gereza la kuta kufuli linaweza kumbeba askari mgeni kwa muda. Gereza la wazi halina kufuli hilo. Kwa maoni yangu, gereza la wazi lisipokee askari wapya zaidi ya mmoja kwa kila wanne wenye uzoefu, na asiwekwe zamu ya usiku peke yake kabla hajamaliza mwaka.

Kuna tatizo lingine linaloanzia mbali na lango la gereza lenyewe. Tangu ripoti ya Lord Mountbatten ya mwaka 1966, iliyoandikwa baada ya jasusi George Blake kuvunja gereza la London, wafungwa wanaume wa Uingereza hugawanywa madaraja manne, A hadi D. Daraja D ni wa kuaminiwa katika gereza la wazi. Uainishaji huo ukifanywa kwa kumtazama mtu, unafanya kazi. Shida huja magereza ya kuta yanapofurika. Hapo vitanda vitupu vya gereza la wazi vinaanza kuita, na swali linageuka: badala ya kuuliza nani yuko tayari, wanauliza nani anaweza kuhamishwa ifikapo Ijumaa. Kule gereza la wazi la Standford Hill, kwenye kisiwa cha Sheppey, mwaka 2014 mfungwa wa kifungo cha maisha mwenye rekodi ya ujambazi, na aliyewahi kutoroka siku za nyuma, alipewa ruhusa ya muda akashindwa kurudi. Siku chache baadaye akakamatwa baada ya wizi mwingine wa kutumia silaha. Serikali ikakaza masharti mwezi huohuo, na waliowahi kutoroka wakazuiwa kupelekwa magereza ya wazi isipokuwa kwa sababu za pekee. Waliolipia kosa lile ni pamoja na mamia ya wafungwa wengine waliokuwa wakirudi kila jioni bila hitilafu, na ruhusa zao zikachelewa.

Ruhusa hiyo ya muda nayo si karatasi tu. Mfungwa anayetoka kwenda kazini saa moja asubuhi anatakiwa kukaguliwa akitoka, mwajiri apigiwe simu bila taarifa, mara moja moja askari afike kazini kwake, na akirudi apulize kipima pombe na apekuliwe. Watu 100 wakirudi kati ya saa kumi na moja na saa moja jioni, upekuzi wa dakika tatu kila mmoja ni masaa matano ya kazi yanayotakiwa kumalizwa ndani ya masaa mawili. Weka askari wawili langoni, utapekua 80. Weka mmoja, utapekua 40, na waliobaki watapita na mifuko yao. Magendo yanaingia kwa mlango wa mbele, mchana kweupe, kwa sababu ya mgawanyo huo.

Kwa hiyo mkirudi vituoni kwenu, nawaomba mchukue ratiba ya zamu ya usiku wa sikukuu: Idi, Krismasi, mwaka mpya. Siku hizo ndizo askari wengi huomba ruhusa, na ndizo mfungwa hufikiria sana nyumbani. Andikeni mbele ya kila jina kama ni askari au msaidizi. Andikeni vyumba vya kutenga vilivyopo ni vingapi, gereza la jirani liko umbali gani, na litatuma watu wangapi kwa muda gani wakiitwa saa saba usiku. Mpigieni simu mkuu wa gereza hilo kabla ya sikukuu, awape jibu kwa namba. Kisha gawanyeni wafungwa kwa askari walio zamu. Ikitoka 248, msisubiri sikukuu ifike: pelekeni namba hiyo makao makuu kwa maandishi, yenye tarehe na sahihi ya mkuu wa gereza, na nakala ibaki kwenye jalada la kituo.

Asanteni. Niko tayari kwa maswali.